Mtoto wa Arusha au Moshi afikeje kwenye tenisi ya kulipwa? Umri, nyuzi, mwinuko, gharama

#1 Mkufunzi_Themi

Wakuu, habari za saa hizi. Kila likizo ya Juni wazazi wa huku kwetu huuliza swali lilelile: mtoto anapiga mpira vizuri, je, anaweza kuishi kwa tenisi? Anaweza. Ila njia yenyewe ina milango inayofungwa kwa umri, na mingi hufungwa mzazi akidhani bado mapema. Naanza na watoto wadogo, wenye kujua zaidi waendelee.

Chini ya miaka 10 usimpe mpira wa njano wa kawaida. Hili si suala la kubembeleza watoto. Tangu 2012 kanuni za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, zinakataza mpira huo kwenye mashindano ya umri huo. Kuna mpira mwekundu ambao kasi yake imepungua kwa robo tatu, wa rangi ya chungwa uliopungua nusu, na wa kijani uliopungua robo. Mwekundu unachezwa kwenye uwanja wa urefu wa mita 11 hivi, wavu sentimita 80. Sasa angalia upana wa korti kamili ya wawili wawili: mita 10.97. Maana yake ukigeuza uwanja ubavu, korti moja inabeba viwanja vinne vya watoto, na watoto kumi na sita wanacheza kwa wakati mmoja. Ukikosa korti, sakafu ya zege ya shule inatosha. Chora kwa chaki, funga kamba kati ya viti viwili.

Kwa nini nasisitiza? Mpira wa njano unamrukia mtoto wa miaka 7 juu ya kichwa. Anajifunza kuupiga akirudi nyuma, raketi imeshikwa kwa mkao wa ajabu ili aufikie huko juu. Mkao huo ukishakomaa, kuuondoa akiwa na miaka 13 ni kazi ya mwaka mzima, nao ndio mwaka ambao wenzake wanaanza kukusanya pointi.

#2 Meku_wa_Kibosho

Mkuu, shukrani kwa uzi. Raketi je? Madukani wanasema mnunulie kubwa ili asije akaipita haraka.

#3 FundiNyuzi

Meku, usikubali hilo. Raketi ndefu kwa mtoto ni sawa na jembe la mtu mzima, ataivuta kwa bega. Miaka 5 hadi 6 inchi 21, miaka 7 hadi 8 inchi 23, miaka 9 hadi 10 inchi 25, halafu 26, ndipo 27 ya watu wazima. Kipimo cha haraka: asimame wima, mkono umening'inia, ashike mpini kawaida. Kichwa cha raketi kikigusa ardhi, ni ndefu mno.

Kwenye nyuzi ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo naomba nikae hapo kidogo.

Raketi moja inakula kama mita 12 za uzi. Roli la mita 200 linatoa raketi 16, na ni nafuu sana kuliko pakiti mojamoja. Klabu au wazazi watano wakichanga roli moja na mashine ya kuvutia kwa uzito wa kuning'inia, wameshajitegemea. Fundi aanzie nyuzi za wima za katikati, aende kulia na kushoto kwa zamu, upande mmoja usitangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili. Fremu inayovutwa upande mmoja inapinda, na nyingine hupasuka palepale kwenye mashine.

Aina ya uzi: mtoto ambaye bado hajabalehe asifungiwe poliesta. Wanaiona kwa wachezaji wakubwa kwenye televisheni na wanaitaka. Poliesta ni ngumu, hairudishi nguvu, na mshtuko wote unaishia kiwikoni. Mpe nyuzinyuzi laini zilizosokotwa, mvuto wa kilo 20 hadi 22. Akifika miaka 15 au 16, mwili umejaza na anakata nyuzi laini kila wiki, ndipo umhamishie poliesta, kilo 21 hadi 24.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: poliesta hufa bila kukatika. Baada ya saa 10 hadi 15 za mchezo mkali imeshalegea. Sukuma uzi wa wima pembeni kwa kidole kisha uachie. Ukirudi wenyewe mahali pake, bado ni mzima. Ukibaki umekaa kombo, ukate wote. Mchezaji anayeendelea na uzi mfu anaona mipira inatoka nje, anaanza kupunguza mkono, anaharibu pigo lake kwa kosa la uzi. Na usiache raketi kwenye buti la gari Moshi mchana wa Februari. Joto lile linalegeza nyuzi bila hata mpira mmoja kupigwa.

#4 Mwinuko_1400

Nakazia kwa FundiNyuzi, halafu naongeza kitu ambacho Arusha tunaishi nacho bila kukitazama: mwinuko wetu.

Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini haifiki mita 1,000. Kanuni za tenisi zinaweka mstari kwenye mita 1,219. Juu ya hapo inaruhusiwa kutumia mipira maalumu ya mwinuko. Kwa hiyo kati ya miji hii miwili, kilomita 80 tu za barabara, mmoja uko upande huu wa mstari na mwingine upande ule. Sehemu chache zina bahati hiyo.

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya Arusha ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Mpira wa kawaida umejazwa hewa kiwandani, na gesi iliyo ndani haijui kwamba umepanda mlima. Nje kukiwa kwepesi, ndani kunasukuma zaidi, mpira unakuwa mgumu na unadunda juu. Pili, hewa nyepesi haiuzuii mpira njiani, unafika na kasi kubwa. Tatu, ule mzunguko wa kuushusha mpira ndani ya mstari unashika hewa kidogo, kwa hiyo mpira uliopigwa kwa mzunguko mkali unachelewa kushuka na unatoka nje kwa kiganja kimoja.

Jipimieni. Weka alama ukutani sentimita 254 kutoka sakafu ya zege. Mpira wa kawaida wa mashindano, ukidondoshwa bila kusukumwa, unapaswa kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Mpira wa mwinuko wenye gesi umetengenezwa udunde kati ya 122 na 135 katika vipimo vya kiwandani, ili huku juu ukae sawa. Chukua kopo jipya la mipira ya kawaida, pima mmoja Moshi asubuhi na mwingine Arusha mchana. Utaona kwa macho.

Tatizo liko kwenye ufundi wa mtoto. Anayekulia Arusha peke yake anazoea mkono mfupi, mpira bapa, sevu (pigo la kuanzisha pointi) inayojilipa yenyewe. Anateremka Dar au Mombasa, hewa nzito, mpira unachoka, mechi inakuwa ya mipigo ishirini kwa pointi, naye hana miguu wala mzunguko. Wa Moshi akipanda Nairobi, ambako ni juu zaidi hata ya Arusha, kila kitu kinatoka nje seti nzima ya kwanza.

Tiba: wa Arusha acheze Moshi angalau mara mbili kwa mwezi, na wa Moshi apande vilevile. Kabla ya mashindano ya pwani afike siku nne au tano mapema. Kwenda Nairobi, ongeza kilo 1 hadi 2 kwenye mvuto wa nyuzi. Kwenda Dar, punguza kiasi hichohicho. Bujumbura ihesabuni kama Moshi.

#5 Mama_Soweto_Moshi

Huyu kaka ameeleza kitu ambacho makocha wengi wanasema tu "leo mipira inaruka". Asante sana. Mipira ya mwinuko ikikosekana madukani tufanyeje?

#6 Mwinuko_1400

Mama, mipira isiyo na gesi ndani inasaidia mazoezini. Inakaa miezi, ila ni mizito mkononi, kwa hiyo isizidi nusu ya mazoezi. Msichofaa kufanya ni kutumia mipira iliyokufa mkidhani imekuwa ya mwinuko. Kopo likishafunguliwa, wiki mbili hadi nne gesi imevuja. Mpira huo unadunda chini kweli, lakini unadunda ovyo, na mtoto anajifunza kuusukuma kwa nguvu.

#7 Mkufunzi_Themi

Turudi kwenye umri. Kuanzia miaka 12 mambo yanakuwa ya kalenda.

Kanda yetu ina mashindano ya Afrika Mashariki ya chini ya miaka 14 na 16 yanayosimamiwa na ITF pamoja na shirikisho la Afrika, CAT. Timu inachaguliwa na chama cha taifa, kwa hiyo mtoto ambaye hachezi mashindano ya ndani haonekani hata awe mzuri vipi. Akitimiza miaka 13 anaruhusiwa kwenye ziara ya vijana ya dunia. Madaraja yake yameandikwa J30, J60, J100, J200, J300, J500, na juu kabisa Grand Slam za vijana, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote. Namba ni pointi anazopata bingwa. Hesabu ya kiwango inachukua matokeo sita bora ya mmoja mmoja, ikiongeza robo ya matokeo sita bora ya wawili wawili.

Hapo kwenye wawili wawili watu wetu wanalala. Mtoto anatolewa Jumatatu kwenye mmoja mmoja, wazazi wanafungasha. Abaki! Jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya, mzaliwa wa 2004, Januari 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya droo kuu ya vijana ya Grand Slam, kule Australia. Julai mwaka huohuo akatwaa Wimbledon ya wasichana, wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hilo ndilo taji la kwanza la Grand Slam ya vijana kwa Kenya.

Upande wa shule: mtihani wa kidato cha pili na wa nne unaangukia Novemba. Panga safari za nje Januari hadi Aprili na Juni hadi Agosti, Septemba punguza. Shule ya bweni isiyo na korti, yenye ruhusa mara mbili kwa muhula, haipatani na njia hii. Uamuzi huo ufanyike kabla ya kidato cha kwanza.

#8 Mhasibu_Sakina

Naomba nizungumzie fedha, kwa sababu zinawavunja watu kuliko ufundi.

Ngazi ya kwanza ya kulipwa kwa wanaume ni M15, yaani mfuko wa dola 15,000 kwa mashindano yote, wachezaji 32. Umri wa chini ni miaka 14. Bingwa wa mmoja mmoja anabeba dola 2,160. Aliyefungwa fainali 1,272, nusu fainali 752, robo fainali 438, raundi ya pili 258, raundi ya kwanza 156. Kabla ya kodi ya nchi husika. Upande wa pointi za ATP, chama kinachopanga viwango vya wanaume, bingwa anapata 15, fainali 8, nusu 4, robo 2, raundi ya pili 1. Ukifungwa raundi ya kwanza huna pointi hata moja.

Sasa weka tiketi ya ndege kutoka KIA, hoteli siku saba, chakula, kufungiwa nyuzi pale uwanjani. Dola 156 haimalizi hata usiku wa nne. Ndiyo maana mchezaji mwenye akili hasafiri kwa wiki moja. Anatafuta mji unaoandaa mashindano wiki tatu au nne mfululizo, ndege moja, chumba kimoja cha watu wawili, wawili wawili kila wiki.

ITF walipochunguza mwaka 2013 walikuta wanaume 8,874 waliocheza kulipwa, na 3,896 kati yao hawakupata hata senti. Mahali ambapo mapato yalifuta gharama palikuwa nafasi ya 336 kwa wanaume na 253 kwa wanawake, bila kuhesabu mshahara wa kocha.

Juu ya hapo kuna M25, halafu Challenger, ngazi iliyo chini ya ziara kuu ya ATP. Wanawake wana W15, W35, W50, W75, W100. Kigali walianza Challenger mwaka 2024, kwenye udongo, na kwetu hiyo ni fursa ya karibu kabisa: hata asipoingia droo, kijana akae wiki pale, aombe kuwa mwenza wa mazoezi. Anapigiana mipira na watu wa nafasi ya 150 duniani bila kulipa. Grand Slam yenyewe ina nafasi 128, ambazo 104 zinajazwa kwa viwango, 16 kwa mchujo wa raundi tatu, na 8 za mwaliko.

Pointi zinaishi wiki 52 kisha zinafutika. Aliyeumia miezi sita anarudi chini. Kwa hiyo anayeandika bajeti aandike ya miaka minne, ya mmoja haitamfikisha popote.

#9 Meku_wa_Kibosho

Miaka minne kaka? Watu wanataka kuona mtoto kwenye TV mwakani.

#10 Mhasibu_Sakina

Meku, tazama Ons Jabeur wa Tunisia. Alishinda French Open ya wasichana 2011. Aliingia mia bora ya dunia 2017. Fainali ya kwanza ya Grand Slam ya wakubwa, Wimbledon 2022, mwaka ambao alifika namba 2 duniani. Ni miaka 11 toka taji la vijana, na huyo ni miongoni mwa wachezaji bora kuwahi kutoka Afrika.

#11 Dada_wa_Njiro

Kuna njia ya kati ambayo naipendekeza kwa moyo wote kwa familia za kipato cha kawaida: chuo kikuu cha Marekani. Ufadhili, kocha, mazoezi ya viungo, mechi nyingi kwa mwaka, na shahada mwishoni. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alipitia Illinois, kisha akafika fainali ya US Open 2017 na Wimbledon 2018. Mayar Sherif wa Misri alisoma Pepperdine, 2022 akawa Mmisri wa kwanza kutwaa taji la WTA, ziara kuu ya wanawake, huko Parma. Okutoyi naye alikwenda Auburn.

Makocha wa kule hawasomi barua za sifa, wanaangalia kipimo cha UTR, kinachokwenda toka 1 hadi 16.5 na kinahesabiwa kwa matokeo halisi. Kwa hiyo mashindano ya Arusha na Moshi yaingizwe kwenye mfumo huo. Mwandaaji asipoingiza matokeo, kwa kocha wa kule ni kama mechi haikuchezwa.

Video iwe ya dakika tano, kamera nyuma ya mstari wa mwisho, juu kidogo ya kichwa: pointi kamili za mechi bila muziki, pamoja na zile alizopoteza.

Mtego mkubwa ni muda. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo vya Marekani, wanaanza kuhesabu tangu mwanafunzi anapomaliza sekondari, na katika tenisi nafasi ya kukaa bila kujiunga ni fupi mno kuliko michezo mingine. Sisi tuna kidato cha nne na cha sita. Andikeni mapema kwenye kituo chao cha usajili mjue cheti kipi kinachukuliwa kuwa mwisho, kabla hamjampeleka mtoto mwaka mzima kwenye M15.

#12 Tabibu_wa_Viungo

Mniruhusu kwenye mwili. Kati ya miaka 12 na 15 mifupa inarefuka kuliko misuli inavyofuata. Sevu inapindisha mgongo wa chini nyuma na pembeni kwa wakati mmoja, mamia ya mara kwa wiki. Maumivu ya mgongo wa chini upande mmoja, yanayozidi akijikunja nyuma akiwa amesimama mguu mmoja, yasiitwe uchovu. Inaweza kuwa ufa kwenye pingili. Asimamishwe sevu siku hiyohiyo, aonwe na daktari wa mifupa. Hospitali ya KCMC iko hapo Moshi. Ukiwahi, hupona kwa mapumziko ya miezi. Ukimkanda dawa ya misuli na kumrudisha uwanjani, ufa unaachia.

Hesabuni sevu kama mnavyohesabu pesa: wa miaka 13 mazoezi ya sevu 60 hadi 80 kwa kipindi yanatosha, si kila siku. Akikua sentimita nyingi ndani ya miezi mitatu, punguzeni nusu.

#13 FundiNyuzi

Tabibu umegusa penyewe.

#14 Mzee_Korti

Uwanja nao. Wa zege uwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1, kuelekea upande mmoja tu. Ukiteremsha kutoka katikati kwenda pande mbili, wavu unakuwa kilimani. Korti za udongo wa kichuguu zinatengenezeka huku kwetu kwa gharama ndogo: udongo uvunjwe, uchekechwe, umwagwe tabaka, umwagiliwe, upitishwe roli. Masika msikimbilie kupitisha roli udongo ukiwa tope, unanata kwenye roli na kunyanyuka mabamba. Subirini kidole kikibonyeza kisitoke na udongo. Kiangazi mwagilieni jioni, mchana maji yanapotea tu.

Wavu: sentimita 91.4 katikati. Bila futi, simamisha raketi ya watu wazima wima, juu yake weka kichwa cha nyingine kwa upana. Inatosha kwa mazoezi. Nguzoni mita 1.07.

#15 Mama_Soweto_Moshi

Kuna jambo la kamari halijatajwa, na vijana wetu wote wana mikeka kwenye simu.

#16 Mkufunzi_Themi

Asante mama, hilo ni zito. Mara kijana anapojiandikisha mashindano ya ITF ya kulipwa, haruhusiwi kubeti mechi yoyote ya tenisi duniani, hata asiyoicheza, hata ya shilingi mia tano. Kocha wake na mzazi anayesafiri naye wamo pia. Akiandikiwa ujumbe na mtu anayemtaka aachie gemu moja, kukataa hakutoshi, lazima aripoti kwa ITIA, chombo kinacholinda uadilifu wa tenisi. Asiporipoti, kosa ni lake. Wanaolengwa ni hawahawa wa M15, kwa sababu dola 156 inajulikana. Mwelezeni kabla hajapanda ndege ya kwanza.

#17 Dada_wa_Njiro

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: namba ya IPIN, utambulisho wa mchezaji kwa ITF, inaombwa kwenye tovuti ya ITF, ada inalipwa kwa kadi ya benki kila mwaka, na aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi. Jina liwe kama la pasipoti, herufi kwa herufi. Majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa, mawili kwenye IPIN na manne kwenye pasipoti yanamkwamisha mtoto mezani pa usajili. Kwenda Nairobi kupitia Namanga beba pia kadi ya homa ya manjano, na barua ya idhini ikiwa anasafiri na kocha.

Mashindano ya kulipwa ya ITF yanafunga kupokea majina Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya kuanza, saa 14:00 GMT. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni. Intaneti huyumba jioni hiyohiyo, kwa hiyo jina liingie Jumatano.